Likizimwa Lile Sanduku la Bondeni

Hebu niambie wewe uliyekaa hapo umetulia: kitu kikizimwa, nani alikuhakikishia kwamba kimezimika? Ulikizima wewe? Mkono wako ndio ulioshika swichi? Basi nyamaza usikie ya kwetu Bondeni, hapa Nakuru, kijiweni kwa Mzee Obeid, muuza kahawa. Benchi letu ni taruma kuukuu la reli lililolazwa juu ya mawe kando ya ukuta wa Ndung'u, fundi cherehani. Mbele ni vumbi jeupe linalopeperushwa kutoka ziwani, likuingie puani uhisi umelamba chumvi. Juu ya vichwa vyetu, kwenye nguzo, mwaka jana wakubwa walitundika sanduku la bati lenye kitambaa cha kahawia mdomoni: kipaza sauti. Kila jioni saa kumi na moja linaamka, linatusomea nani kajisalimisha, mtaa gani umefungwa, kafyu ni saa ngapi. Saa kumi na moja na nusu linalia tik, linanyamaza. Na sisi, wajinga wenye akili zetu, tuliifanya hiyo tik kengele yetu. Likisema, tunatulia kama tuko kanisani. Likilia tik, mtu anashusha pumzi, anasukuma kofia nyuma, anasema ya moyoni. Hatukuwahi kusema ya moyoni kabla ya tik. Hata siku moja.

Wiki mbili zilizopita, dakika kumi hivi baada ya tik, Hiram fundi baiskeli alituambia kwamba mdogo wake, yule anayetafutwa na polisi, amefichwa na jamaa shambani kule Ndabibi, ng'ambo ya ziwa la Naivasha. “Yuko darini,” akasema, “anakula viazi kama fuko.” Tukacheka. Siku nne baadaye mdogo akashushwa kutoka darini, na Hiram akatiwa pingu hapa hapa benchini. Askari aliyemfunga alimwinamia, akatabasamu. “Lile fuko lenu tumelichimbua,” akamwambia. “Limeshiba viazi.”

Umesikia? Neno la Hiram mwenyewe, limerudi na pingu.

Tulikuwa sita siku ile. Mmoja yuko kizuizini. Tumebaki watano, na sanduku. Na mwaka huu wa hamsini na tano, katikati ya Emajensi, hali ya hatari, mtu akishaitwa msaliti katika mji huu watu wa msituni humfuata, hamalizi mwezi. Jina lililoanza kunong'onwa ni la Mzee Obeid, kwa sababu yeye si Mkikuyu, hajawahi kupangwa mstarini mbele ya mtu aliyevikwa gunia kichwani awaonyeshe polisi nani wa kushikwa, na zaidi, asubuhi huuza kahawa mpaka kwenye laini ya polisi, nyumba za askari. Kwa hiyo elewa kwamba tukibishana juu ya sanduku, hatubishani juu ya sanduku.

— Mimi nasema ni hii sanduku, — Obura akaanza leo, baada ya tik. Obura ni Mjaluo mrefu, mfagiaji wa ofisi ya simu mjini, tunamwita Swichibodi. — Tena narudia. Ni sanduku.

— Umerudia tangu Jumatatu, — akajibiwa na Kiptanui. Huyu ni askari wa zamani wa Burma, alibeba wireless mgongoni mpaka mabega yakapinda. Sasa analinda ghala la mahindi. Kila akimaliza hoja husema “ova”, kama bado yuko hewani, na ndilo jina lake. — Lete ushahidi. Ova.

— Ushahidi ndio huu. Kuna memsahib mmoja, mke wa mzungu wa huko mashambani. Simu yake imelala kwa meza. Imewekwa chini, imefungwa, haina habari na mtu. Lakini operator akivaa ile kitu ya masikio, anasikia memsahib akigombana na mpishi juu ya supu.

— Supu imefanya nini?

— Chumvi mingi. Mimi nilisikia mwenyewe, nikifagia chini ya kiti.

— Labda hakuiweka vizuri.

— Aliweka! Kwanza alikuja fundi, akasema anapangusa vumbi ndani ya simu. Nani amewahi kuona mzungu anakuja kupangusa vumbi? Aliacha kawaya kadogo mle ndani. Sasa mkono wa simu ukilala, sikio halilali.

— Mpishi alifutwa? — akauliza Ndung'u kutoka mlangoni mwa duka lake, sindano mdomoni.

— Alifutwa.

— Basi ni kweli.

Huyo Ndung'u tunamwita Bwana Methali. Anazo nyingi, na hakuna hata moja iliyowahi kukaa mahali pake, kama vifungo vya makoti anayoshona.

— Hiyo ya simu ni ya watoto, — akasema Ova. — Simu iko na waya. Mimi nawapa ya bila waya. Burma, mwaka arobaini na nne, tuko kwa msitu. Ofisa anasema kimya, hakuna kutuma neno. Tunasikiliza peke yake. Masikio wazi, mdomo gundi. Na adui akatupata! Mizinga ikatua katikati ya sufuria ya mchele. Kwa nini? Kwa sababu mashine ya kusikiliza, ikisikiliza, nayo inanong'ona. Lazima inong'one kidogo. Na adui mwenye mashine kubwa anasikia mnong'ono wa masikio yako. Ova.

— Masikio yananong'ona? — Obura akacheka kwa pua. — Wee Ova, malaria ya Burma hiyo.

— Muulize Digrii.

Digrii ni mimi. Jina langu ni Kinyanjui, nina B.Sc. ya fizikia kutoka Makerere, na nina barua saba za kunikatalia kazi, *we regret to inform you*. Cheti cha uaminifu, wanasema, ndicho kinachokosekana. Umeme ninaujua, uaminifu wangu kwa Malkia ndio haujapimwa.

— Ni kweli, — nikasema. — Redio inayopokea hutoa mawimbi madogo ya kwake.

— Mnaona? — Ova akajipiga kifua. — Burma hiyo. University.

— Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, — Ndung'u akatangaza, akinyoosha sindano juu. — Sasa tazameni hiyo waya inaning'inia.

— Methali hiyo ni ya wageni, si ya sanduku, — nikamwambia.

— Sanduku ilizaliwa hapa? Na niwaambie, si sanduku pekee. Chuma yote ya hii mji inasikia. Mabati yanalia mvua ikinyesha, ama hayalii? Kitu inayolia imesikia. Cherehani yangu naifunika na blanketi jioni. Pasibuku yangu iko na pini ya chuma, siku hizi naiweka ndani ya unga.

— Ndani ya nini?

— Unga ya mahindi. Unga haipitishi maneno.

— Na askari akikudai pasi?

— Napangusa.

— Alisimamishwa juzi pale sokoni, — Obura akasema, machozi yakimtoka tayari. — Akatoa kitabu cheupe kama kimetoka kwa kinu. Askari akapiga chafya mara tatu!

Tukacheka. Kicheko cha kwanza tangu Hiram aondoke, na kilikuwa kicheko kilichochoka, kilianza na kukohoa kikaishia kwa kukohoa.

— Chekeni tu, — Ndung'u akasema. — Lakini chuma bado si mbaya. Mbaya ni shaba. Digrii, waya ya simu ndani ni nini?

— Shaba.

— Na hiyo dele ya kahawa ni nini?

Kicheko kikakatika. Tukalitazama dele la Mzee Obeid, lile la mdomo mrefu, limekaa juu ya makaa yake.

Mzee hakuinua sauti. Hajawahi kuinua sauti.

— Dele hili lilikuwa la marehemu baba. Alishuka nalo stesheni hapo akitoka Mombasa, kabla mama yako hajaolewa.

— Mzee, mimi nimeuliza tu.

— Umeuliza. Na jino langu mbona hujaliuliza? — Akafungua kinywa, jino la dhahabu likaonekana pale pembeni. — Hili nalo si madini? Njoo usikilize kama linanong'ona.

— Usikasirike, mzee. Lakini chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na wewe asubuhi unajitembeza mpaka kwa laini ya polisi.

— Polisi hawanywi kahawa? Au nile methali zako?

Hapa lazima nikueleze desturi, ndipo utajua aibu yetu. Kwa Mzee Obeid ukimaliza kahawa unakigeuza kikombe juu chini kwenye sinia. Maana yake nimeridhika, Mungu akubariki. Ukikiacha kimejaa, umemwambia mwenye kumimina kwamba mkono wake huuamini. Kwa siku kumi sisi tumekuwa tukinunua na kuacha. Hakuna mwenye ujasiri wa kukataa, hakuna mwenye ujasiri wa kunywa. Vikombe vinne vinapoa kila jioni, vinafunikwa na vumbi la ziwani, halafu mzee anavimwaga kimoja kimoja pembeni, anavisuuza, anakwenda zake nyumbani kwa Bi Kadija, mkewe.

— Kunyweni au msinywe, — akasema sasa, akivitazama. — Lakini msininunulie kahawa ya matanga kila siku. Mnanizika nimekaa.

Hakuna aliyegusa kikombe. Mimi pia sikugusa. Naandika haya nikijua hivyo.

— Digrii, — akanigeukia. — Wewe ndiye uliyesoma. Hicho kitu kikizimwa, kinasikia au hakisikii? Sema mara moja, baba, nipate usingizi.

Wote wakanigeukia. Unajua ni nini kuombwa fizikia na mtu ambaye uhai wake uko ndani ya jibu? Makerere hawakufundisha hiyo. Nikisema hakisikii, mzee amekwisha. Nikisema kinasikia, nimesema kweli, lakini si kweli yote.

— In principle, kinasikia.

— Weka Kiswahili.

— Mle ndani kuna sumaku, kuna waya mwembamba uliozungushwa, na kuna karatasi ngumu imekunjwa kama faneli. Umeme ukija kutoka ofisini, karatasi inatikisika, nyinyi mnasikia habari. Sasa geuza mwendo. Wewe unasema. Sauti yako inaitikisa karatasi, waya unacheza kando ya sumaku, unazaliwa umeme mdogo sana, unarudi kwa waya ule ule mpaka ofisini. Mdomo na sikio ni kitu kimoja. Halihitaji umeme wa kwake. Halina hata swichi. Swichi iko kwao. Sisi tunasikia tik, lakini tik imeupeleka waya upande gani, hatujui.

— Alhamdulillahi, — Mzee Obeid akasema, polepole, kama mtu anayeteremsha mzigo asijue kama chini pana ardhi.

— Basi kesi imekwisha! — Obura akajipiga paja. — Ni sanduku!

— Nimesema linaweza. Sikusema lilifanya hivyo. Lazima kule kwao akae mtu, na mashine ya kukuza sauti, kila jioni, awasikilize nyinyi mkibishana juu ya supu.

— Watu wa kukaa wanao, — akasema Ova. — Serikali haikosi mtu wa kukaa. Ova.

— Digrii nzima kwa “linaweza”? — Ndung'u akatema uzi. — Hawa watu wa Makerere walikupa nusu, nusu wakabaki nayo.

— Na si wewe, Digrii, — Obura akasema, macho yake yamebadilika, — si wewe uliomba kazi huko huko kwa wenye sanduku?

— Niliomba. Ya ufundi. Walinikataa.

— Walikukataa kwa barua. Lakini barua ni karatasi.

— Obura, sema unachotaka kusema.

— Mimi sijasema. Nimekumbuka tu.

Ndiyo hali yenyewe. Hivyo ndivyo jioni zetu zinavyokwenda: tunaanza na Burma, tunapita kwenye supu, tunamaliza tukitazamana viganja kuona nani kalipwa. Hata hasira imechoka. Ukitaka kumpiga mtu ngumi lazima uwe na hakika kidogo, na sisi hakika yetu iliondoka na Hiram.

— Tukate waya, — Ova akapendekeza. — Giza ya masikio. Kila mtu apumzike.

— Ule wa kule sokoni ulikatwa na upepo, — nikamkumbusha. — Upepo tu. Maduka yakafungwa na polisi siku nane.

— Upepo haukuwa na pasi, — akasema Ndung'u, na kwa mara moja maishani mwake akawa amesema kitu mahali pake. Hakugundua.

Hapo ndipo alipotokea Wachuka, mke wa Hiram. Yeye anaishi Molo, anachuma pareto shambani kwa mzungu. Alikuwa ameshuka na gari moshi la mchana, koti zito la baridi ya kule bado liko mabegani katika joto letu, udongo mweusi umekauka kwenye viatu. Tulisimama wote. Hata Ova alikakamaa kama ameona ofisa.

— Hamjambo, wazee. Mzee Obeid, shikamoo.

— Marahaba, mama.

Mkono wa mzee ukaenda kwenye dele, ukasita njiani. Kama kuna mtu katika nchi hii mwenye haki ya kuikataa kahawa ile, ni huyu. Wachuka akaona mkono umesita. Akanyoosha wake. Mzee akamimina. Akanywa, bila haraka, mpaka mwisho, akakigeuza kikombe juu chini kwenye sinia.



— Mama, pole sana, — Ndung'u akaanza. — Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu...

— Asante, baba. Pasi yangu ya safari inaisha leo jioni, kwa hivyo pole mtaniwekea. — Hakuketi. — Juzi watu wamekuja nyumbani. Majina sijui, na nyinyi hamtaki nijue. Wameniuliza, aliyemuuza bwanako ni yule mzee wa kahawa? Nikasema sijui. Wakaniambia nenda Nakuru, uliza; kesho jioni wanarudi. Wanataka neno moja. Ndiye ama siye. Wanasema neno la mwenye mume litatosha.

Mzee Obeid aliliweka dele chini, si juu ya makaa, chini kabisa, mchangani.

Basi sote tukaanza kusema kwa pamoja. Sanduku, mama! Ni sanduku! Obura akamletea memsahib na supu. Ova akamletea Burma na mnong'ono. Mimi nikarudia sumaku na faneli, upesi, nikiruka lile neno “linaweza” kama mtu anayeruka dimbwi. Alisikiliza yote. Anao uso wa mtu aliyezoea kungoja mizani ya pareto: hakubali uzito mpaka mshale usimame.

— Nimeelewa, — akasema. — Hili sanduku linasikia hata likizimwa.

— Kabisa.

— Lina macho?

Tukakitazama kile kitambaa cha kahawia.

— Hapana, mama, — nikasema. — Sikio peke yake.

— Basi niambieni kitu kimoja tu. Hiram alilitaja Ndabibi kwa mdomo?

Upepo ulipita na vumbi lake. Mahali fulani nyuma ya duka mtoto alikuwa akiitwa kwenda kuoga.

— Kwa sababu mimi namjua bwanangu, — akaendelea. — Tangu hii Emajensi ianze hataji jina la mahali. Hata kitandani. Akitaka kuniambia Ndabibi anarusha kidevu hivi, upande wa Naivasha, halafu anachora nyumba kwa kidole. Viazi na fuko angesema, ndiyo, huyo anapenda mzaha. Lakini mahali? Kama alilitaja, sanduku limesikia, na mimi kesho nitasema siye. Kama alirusha kidevu, sanduku halikuona kitu. Ni mtu aliyeona.

— Alitaja! — Obura akasema. — Nilisikia mimi. Ndabibi.

— Hapana, — Ova akakunja uso. — Alirusha kidevu. Nakumbuka kwa sababu niligeuka kutazama. Nikafikiri kuna mtu anakuja.

— Alichora na kijiti cha kiberiti, — akasema Ndung'u. — Hapa kwa vumbi. Nyumba na ziwa. Nikafuta na kiatu changu.

— Wewe ulikuwa ndani ya duka, — Obura akambishia.

— Nilikuwa mlangoni!

— Obura, — Ova akadakia, — si ni wewe ulimuuliza, “Ndabibi ile ya ng'ambo?” Ukalitaja wewe?

— Mimi? — Obura akaweka mkono kifuani. Halafu mkono ukashuka. — Labda. Sijui. Labda nilitaja mimi baada ya yeye kurusha kidevu. Ama nilitaja kesho yake, tulipokuwa tunaongea juu yake. Ngojeni kidogo.

Alingoja. Akahesabu siku kwa vidole. Hakikuja kitu.

— Digrii? — Wachuka akaniuliza.

Nilifunga macho. Nakiona kidevu cha Hiram kikienda upande wa Naivasha. Nakiona na kijiti cha kiberiti, nakiona vizuri, kichwa chake kimeungua. Na neno pia nalisikia, kwa sauti yake, Ndabibi, ile “da” yake nzito. Vyote vitatu ninavyo. Siku kumi za kubishana zimeisugua jioni ile mpaka haina tena uso. Kila mmoja wetu ameipaka rangi aliyoihitaji.

— Sikumbuki, — nikasema. — Nisamehe.

— Na wewe, Mzee Obeid?

Sasa fikiria. Mzee alihitaji neno moja. “Alitaja.” Nani angempinga? Obura alikuwa tayari amelisema. Sote tungeitikia amina, twende tukalale.

— Nilikuwa nimeinama, mama, namimina, — akasema. — Kidevu sikukiona. Neno... wallahi ningependa nilisikie. Najaribu kulisikia tangu ulipouliza. Lakini nikikwambia nimelisikia nitakuwa nimekudanganya, na ushanywa kahawa yangu.

Wachuka alikitazama kikombe alichokigeuza.

— Kwa hivyo ni watu watano, — akasema, — na jambo la wiki mbili tu, na hakuna anayejua.

— Penye wengi hapaharibiki neno, — Ndung'u akanong'ona. Hatukumsahihisha.

— Mashine zote hizo mnazijua. Simu ya memsahib. Vita ya Burma. Mabati. Mdomo wa mtu aliyekaa karibu yenu hamuujui. — Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Akaufunga mkanda wa koti. — Sasa mimi kesho nitawaambia nini?

Alingoja kama anavyongoja mizani, mshale haukusimama, akageuka akashika njia ya stesheni kabla ya kafyu. Ova akakichukua kikombe chake, kilichopoa, kilicho na vumbi, akanywa. Obura akanywa. Ndung'u akaingia ndani. Mzee Obeid hakuwatazama. Alikuwa bado anasikiliza jioni ile, midomo yake ikitembea, analitafuta neno.

Nami nikapanda juu ya benchi. Watasema Digrii amerukwa na akili, sawa. Kitambaa cha kahawia kilikuwa shubiri moja kutoka mdomo wangu, sanduku limezimwa, kimya. Nikasema, na hapa naandika tena, ili asiwepo wa kusema hakusikia:

Mabwana mlio upande wa pili wa waya. Sanduku mlilitundika nyinyi, ngazi ilikuwa yenu, swichi ni yenu, na kama kuna daftari la yale tunayosema, ni lenu. Mzee mmoja atauawa kwa sababu ya kitu mnachokijua nyinyi peke yenu. Kama mnatusikiliza likizimwa, tangazeni hivyo kesho saa kumi na moja, kwa mdomo ule ule mnaotusomea kafyu, kabla watu wale hawajafika Molo. Kama hamtusikilizi, njooni na bisibisi, mlifungue mbele ya watu, mtuonyeshe waya unaishia wapi. Na kama ni mtu, sitaki jina lake, jina litatuzalia maiti mwingine tu: njooni mumchukue mtu wenu, mumlaze kwenu, mumlishe mezani kwenu, mtuachie benchi. Moja katika matatu. Mna masaa ishirini na manne, na mzee anayo hayo hayo. Jibuni.